Wimbo wa Asili Una Mwenyewe

Katika kambi za vijana, moto ukiisha kuwashwa na chakula kuliwa, kuna wimbo mmoja usiohitaji kufundishwa: Kumbaya. Watoto wa Kizito-Anuarite wanaujua, wana-Kiro wanaujua, maskauti wanaujua. Wanauimba hata wale wasiojua neno moja la Kiingereza. Tukiwauliza umetoka wapi, wengi hujibu bila kusita kwamba ni wimbo wa Kiafrika, maana jina lake lasikika hivyo. Vitabu vingi vya nyimbo vya Ulaya na Amerika navyo viliandika kwamba umetoka Afrika, vingine vikitaja Angola.

Ukweli ni mwingine. Mwaka 1926 mtafiti Mmarekani, Robert Winslow Gordon, alikuwa akizunguka pwani ya Georgia na mashine ya kunasa sauti juu ya silinda za nta. Huko alimrekodi mwimbaji mmoja Mweusi ambaye jina lake liliandikwa H. Wylie. Silinda ile imehifadhiwa hadi leo katika Maktaba ya Bunge la Marekani, mjini Washington. Wimbo wenyewe ni sala ya mtu aliye katika shida, anayemwomba Bwana apite hapa alipo. Maneno mawili matatu ya Kiingereza yenye maana hiyo, yakitamkwa kwa lafudhi ya Weusi wa kusini, yaliingia katika masikio ya wageni kama neno moja, nao wakaliandika kama walivyolisikia. Hivyo sala ya wajukuu wa watumwa ikageuka kuwa neno la ajabu lisilo na maana, na wimbo ukapewa nchi nyingine.

Hayakuishia hapo. Mhubiri mzungu aitwaye Marvin Frey alidai kwamba yeye ndiye aliyeutunga katika miaka ya 1930, naye akauandikisha kwa jina lake mwaka 1939. Silinda ya nta yashuhudia kwamba watu walikuwa wakiuimba miaka zaidi ya kumi kabla ya hapo. Jina kamili la Frey lingali katika vitabu. Jina la kwanza la mwimbaji wa Georgia limebaki herufi moja tu.

Tumeanza na Kumbaya kwa kuwa ndio ulio karibu nasi, lakini jambo hili ni kubwa kuliko wimbo mmoja. Kwa muda wa miaka mia mbili na zaidi, watu wenye elimu wamekuwa wakienda vijijini, mashambani na hata magerezani kukusanya nyimbo za watu wadogo. Nyimbo hizo zilifufuliwa, zikaimbwa mijini, zikapendwa na mamilioni. Sisi twapenda kuuliza: waliokuwa wakiziimba tangu mwanzo, wao walipata nini?

Kazi hiyo huhesabiwa kuanza na Johann Gottfried Herder, mchungaji Mprotestanti wa Ujerumani, mwana wa mwalimu aliyekuwa pia mwimbishaji wa kanisa. (Walimu na makatekista wenzetu wasidharau asili hiyo.) Alipokuwa mwalimu na mhubiri mjini Riga, tangu 1764 hadi 1769, alizisikia nyimbo za wakulima Walatvia, watu waliotawaliwa na mabwana wa Kijerumani na ambao lugha yao ilihesabiwa si kitu. Mwaka 1778 na 1779 alitoa vitabu viwili vya nyimbo za mataifa mengi. Neno la Kijerumani lenye maana ya «wimbo wa watu», ambalo lugha nyingine za Ulaya ziliiga, ni lake. Fikira yake ilikuwa nzuri: kila taifa, hata lililo dogo, lina sauti yake mbele ya mataifa mengine. Ila ndani ya fikira hiyo mlikuwamo na hatari iliyochelewa kuonekana. Ukisema wimbo ni wa «watu», ni rahisi kumsahau mtu.

Wengine walijihadhari. Kule Hungaria, Zoltán Kodály na Béla Bartók walianza kuzunguka vijiji tangu 1905 na 1906, nao pia na mashine ya silinda za nta. Walikuwa wanamuziki wa chuo cha mji mkuu, Budapest, lakini walikaa chini na wakulima, wakasikiliza wanawake wazee, wakaandika kijiji, jina la mwimbaji na umri wake. Bartók hakutosheka na nyimbo za taifa lake. Alikusanya za Waromania na Waslovakia, na mwaka 1913 akafika hadi Biskra, Algeria. Wazalendo fulani walimlaumu kwa kuwasikiliza jirani ambao wao waliwahesabu kuwa adui. Yeye aliendelea.

Nchini Marekani kazi hii ilichukua sura nyingine, kwa kuwa huko wimbo wa kijiji ulikutana mapema na biashara ya redio na sahani za muziki. Mwaka 1933, John Lomax na mwanawe Alan walitembelea magereza ya kusini na mashine ya kunasa sauti yenye uzito wa zaidi ya kilo 140, waliyoipakia nyuma ya gari. Walidhani kwamba wafungwa Weusi, kwa kutengwa na dunia, walikuwa wamehifadhi nyimbo za kale. Katika gereza la Louisiana liitwalo Angola (jina la shamba la zamani la watumwa, lililokumbusha nchi walikotoka baadhi yao) walimkuta Huddie Ledbetter, aliyejulikana zaidi kama Lead Belly. Alipiga gita la nyuzi kumi na mbili, na nyimbo alizozijua zilikuwa hazina mwisho. Mmojawapo ulikuwa Goodnight, Irene, aliofundishwa na mjomba wake.

Lead Belly aliachiliwa mwaka 1934, akazunguka na akina Lomax akiimba mbele ya wanafunzi wa vyuo vikuu. Magazeti yalipenda kumwonyesha katika mavazi ya mfungwa, ingawa yeye mwenyewe alipenda suti safi na tai. John Lomax alijiandikisha pamoja naye katika haki za nyimbo. Baada ya miezi michache waligombana, wakaachana. Lead Belly alifariki Desemba 1949, maskini. Mwaka uliofuata, kundi la The Weavers lilirekodi Goodnight, Irene, nao ukakaa majuma 13 mahali pa kwanza nchini Marekani.

Kundi hilo lastahili kuelezwa kidogo. Pete Seeger, Lee Hays, Ronnie Gilbert na Fred Hellerman walianza kuimba pamoja mwaka 1948 mjini New York. Waliimba nyimbo za wachimba makaa na za wakulima wa milimani, nyimbo za Israeli, wimbo wa kubembeleza mtoto kutoka Indonesia, wimbo wa Afrika Kusini. Wakati huo sheria za majimbo ya kusini zilikuwa zingali zikiwatenga Weusi na Wazungu, na nchi nzima ilishikwa na hofu ya ukomunisti. The Weavers walishitakiwa kuwa wakomunisti. Milango ya redio na ya kumbi ilifungwa mbele yao. Mwaka 1952 kundi lilivunjika. Walirudi jukwaani mkesha wa Noeli ya 1955 katika ukumbi wa Carnegie Hall, nao ukajaa. Kutokana na cheche hiyo ukawaka moto mkubwa: vijana wa vyuo walinunua magita, na tangu 1959 wakakusanyika Newport kwa tamasha kubwa la nyimbo za asili. Wazee waliokuwa wamesahauliwa mashambani waliitwa jukwaani, wakapigiwa makofi na watoto wa matajiri.

Hatutaki kulidharau jambo hilo. Vijana wa taifa lenye nguvu walijifunza kuimba nyimbo za watu wasio na nguvu, wakazipenda kwa kweli. Wengi wao baadaye walisimama pamoja na Weusi katika kudai haki. Hata hivyo, lazima tuutazame ule wimbo wa Afrika Kusini.

Solomon Linda alizaliwa mwaka 1909 katika nchi ya Msinga, Natal, kati ya Wazulu. Utotoni alichunga ng'ombe, na kazi ya mchungaji ilikuwa pia kufukuza simba. Alipokuwa kijana alikwenda Johannesburg kutafuta kazi, kama baba zetu walivyokwenda kwenye migodi ya Katanga, na huko akaunda kundi la waimbaji lililoitwa Evening Birds. Mwaka 1939 waliingia katika studio ya kampuni ya Gallo, wakaimba Mbube, yaani simba. Sauti nzito za wenzake zilirudia neno moja kwa mdundo, na juu yao Linda aliimba kwa sauti nyembamba ya juu kabisa. Kuelekea mwisho alitoa, bila kuandaa, sauti chache zenye utamu ambazo leo zajulikana dunia nzima.

Sahani ile iliuzwa karibu nakala 100,000 katika Afrika ya kusini, na jina la wimbo likawa jina la namna nzima ya kuimba. Linda aliuza haki zake kwa kampuni kwa shilingi 10. Kampuni ilimpa pia kazi: kufunga sahani katika ghala.

Nakala moja ilifika Marekani mikononi mwa Alan Lomax, naye akampa rafiki yake Pete Seeger. Seeger alisikiliza, akaandika alichosikia. Neno la Kizulu lenye maana «wewe u simba» likawa «wimoweh». Mnaona ndugu yake Kumbaya. The Weavers waliutoa mwaka 1952, nao ukapendwa sana. Katika karatasi za haki, mahali pa mtungaji paliandikwa Paul Campbell. Huyo Campbell hakuwa mtu. Lilikuwa jina la kubuni, lililotumiwa ili kuandikisha nyimbo zilizodhaniwa kuwa hazina mwenyewe na kupokea malipo yake. Mtu asiyekuwapo duniani alipewa wimbo, na mtu aliyekuwa hai, mwenye mke na watoto Johannesburg, hakutajwa.

Ilipasa tueleze jinsi jambo kama hilo linavyowezekana, kwa kuwa si wizi wa usiku. Sheria humlinda mtungaji anayejulikana: wimbo wake ukipigwa redioni au ukiuzwa, sehemu ya fedha ni yake, na baada ya kifo chake ni ya warithi kwa muda fulani. Lakini wimbo ukiandikwa «wa asili», hakuna wa kulipwa. Na yule anayeupanga upya, akibadili maneno au kuongeza sauti, aweza kuuandikisha mpango wake na kulipwa yeye. Kwa hiyo maneno mawili, «wa asili», yaliyozaliwa katika heshima ya Herder kwa wakulima wa Riga, yalipofika katika ofisi za wafanyabiashara yalikuwa mlango usio na ufunguo. Seeger mwenyewe alipotambua kwamba wimbo una mtungaji, aliagiza Linda apelekewe dola 1,000, na baadaye alisema wazi kwamba jambo lile halikutendwa vizuri.

Mwaka 1961, kundi la vijana liitwalo The Tokens liliuimba tena kwa maneno mapya ya Kiingereza kuhusu simba aliyelala, nao ukafika mahali pa kwanza Marekani. Majina ya watu watatu yaliandikwa kama watungaji. La Linda halikuwamo. Yeye alifariki mwaka uliofuata. Katika akiba yake benki mlikuwa na fedha zisizofika dola 25. Jiwe la kaburi lilipatikana miaka 18 baadaye. Mwaka 1994 wimbo uliingia katika filamu ya Disney, The Lion King, ambayo wengi wenu mmeiona, na binti za Linda walikuwa wakiishi Soweto katika umaskini.

Aliyewafumbua watu macho ni mwandishi wa Afrika Kusini, Rian Malan, katika makala ya mwaka 2000. Aliyefungua mlango ni mwanasheria aliyekumbuka sheria ya zamani ya Kiingereza, ya mwaka 1911: mtungaji akiwa ameuza haki zake, miaka 25 baada ya kifo chake haki hizo zawarudia warithi. Linda alifariki 1962. Basi tangu 1987 wimbo ulikuwa wa watoto wake, nao hawakuambiwa. Mashitaka yalifunguliwa mwaka 2004. Februari 2006 pande zote zilipatana: familia ilipwe kwa yaliyopita na kwa yajayo, na jina la Solomon Linda liandikwe kati ya watungaji. Tangu kuimbwa studioni ilikuwa imepita miaka 67.

Je, haikuwezekana kutenda vingine? Iliwezekana, tena na watu wale wale. Wimbo We Shall Overcome ulitokana na nyimbo za makanisa ya Weusi. Wanawake Weusi wa kiwanda cha tumbaku cha Charleston waliuimba katika mgomo wa 1945 na 1946. Mwalimu Zilphia Horton akaujifunza kwao, Seeger akaupokea kwake, na Guy Carawan akawafundisha vijana waliopigania haki mwaka 1960. Watu hao waliuandikisha kwa majina yao, lakini waliamua kwamba fedha zote ziingie katika mfuko wa kusaidia kazi za Weusi wa kusini. Hawakuweza kumtaja mtungaji mmoja, maana hakuwapo. Waliweza kuwatambua watu waliouchukua wimbo mabegani.

Hapa twakumbuka kitabu tunachokishika kila siku katika Masifu. Zaburi ni nyimbo za taifa zima, zimeimbwa na vizazi visivyohesabika, hata hivyo nyingi zina kichwa chenye jina: ya Daudi, ya Asafu, ya Hemani. Nyingine zimeandikwa «ya wana wa Kora», na hao walikuwa jamii nzima ya waimbaji wa Hekalu, kama tungesema leo korali. Waliokusanya Zaburi hawakuona kwamba wimbo wa wote wapotewa na kitu kwa kutaja walioushika.

Nasi katika Katanga tuna mifano yetu miwili. Wa kwanza ni Mwenda Jean Bosco, aliyezaliwa mwaka 1930, Myeke. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini na kuzunguka nchi nyingi kurekodi nyimbo, alimkuta Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akipiga gita barabarani. Alirekodi Masanga, wimbo wa Kiswahili ambao vidole vyake viliupiga kana kwamba magita mawili yanajibizana. Tracey alikuwa na desturi ya kuandika kila mara jina, mahali, lugha na tarehe. Kwa hiyo Masanga ulipofika Ulaya, ulifika na jina la mwenyewe. Mtaalamu David Rycroft aliuandika noti kwa noti katika makala zake za mwaka 1961 na 1962, na wapiga gita wa nchi za mbali waliojifunza Masanga walijua wanamwiga nani. Mwaka 1969 Mwenda mwenyewe alipanda jukwaani Newport, katika tamasha lile lile la nyimbo za asili. Alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari.

Mfano wa pili ni wa Kamina, nao una uzito wake. Padri Guido Haazen, Mfransisko Mbelgiji, aliunda pale shuleni kundi la watoto 45 hivi, wa miaka 9 hadi 14, pamoja na walimu 15 hivi. Lilipewa jina la mfalme wa Wabelgiji, Les Troubadours du Roi Baudouin. Misa waliyoiimba mara ya kwanza tarehe 23 Machi 1958 ndiyo Missa Luba. Maneno ni ya Kilatini, kama ilivyolazimu kabla ya Mtaguso wa pili wa Vatikano. Sauti ni za kwetu. Kyrie hufuata kasala, wimbo wa maombolezo. Sanctus yatokana na wimbo wa Kiluba wa kuagana. Agnus Dei yatokana na wimbo wa Bena Lulua. Hapakuwa na karatasi ya noti. Waimbaji walijua njia, na ndani ya njia hiyo walitunga papo hapo, kama vile Linda mbele ya kipaza sauti. Mwaka huo huo walisafiri Ulaya, wakaimba kwenye maonyesho makubwa ya Bruseli, wakarekodi sahani ambamo mwalimu Joachim Ngoi ndiye mwimbaji mkuu.

Miaka mitano kabla Mtaguso haujatamka, katika hati juu ya Liturujia ya mwaka 1963, kwamba muziki wa mataifa upewe nafasi yake katika ibada, na miaka thelathini kabla ya Misali ya majimbo ya Zaire kukubaliwa na Roma mwaka 1988, watoto wa Kamina walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba yawezekana. Sahani ilizunguka dunia. Sanctus yao ilisikika katika filamu ya Kiingereza If...., ya Lindsay Anderson, iliyopewa tuzo kuu huko Cannes mwaka 1969, na vijana Waingereza wasiofika kanisani waliinunua madukani. Dunia imelishika jina la Padri Haazen, na ni haki yake; imelishika jina la mfalme, ambaye hakuimba hata sauti moja. Majina ya wale watoto hayakusafiri pamoja na sauti zao.

Mtoto aliyekuwa na miaka 9 siku ile, kama yu hai, amepita miaka 75. Kamina ni mji wa reli, na wana wake wametawanyika Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na Kalemie. Wengine huenda huketi mabenchi ya mbele katika misa ya asubuhi ya parokia zenu. Kikundi cha vijana chenye daftari na simu moja ya kunasa sauti chaweza kwenda kwa mzee wa namna hiyo baada ya misa, kumsalimu kwa mikono miwili, na kumwuliza: «Baba, wimbo ule wa kuagana mlifundishwa na nani? Jina lake huandikwaje?»